Je, wajua kwa nini Kimondo cha Mbozi hakina shimo?

Kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kijijini Ndolezi, wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, limelala donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na kimo cha kama mita 1. Limetoka angani. Mgeni akishaligusa na kuligonga kwa kokoto kusikia linavyolia, swali linalofuata huwa lile lile: mbona halikuchimba shimo? Kitu kizito namna hii kikidondoka kutoka juu ya mawingu, si kingezama hadi kusikojulikana?

Tuanze na uzito. Kuna wanaoandika tani 12 na kuna wanaoandika tani 16. Takwimu hizi hutokana na kupima umbo na kuzidisha kwa uzito wa chuma, na umbo lenyewe halijanyooka popote. Wataalamu wa vimondo hutumia 16. Chuma chenye nikeli kina uzito wa karibu tani 7.8 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tani 16 ni mita za ujazo 2 na kidogo tu. Ni sawa na simtank ya lita 2,000, ile inayokaa juu ya mnara nyuma ya nyumba, ila badala ya maji iwe imejaa chuma tupu. Ukilinganisha na mashimo makubwa ya vimondo duniani, hicho ni kitu kidogo sana.

Lakini uzito peke yake hauchimbi shimo la maana. Mwendo ndio unaochimba. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara kumi, mara mia. Kitu chochote kinachoanguka duniani kutoka mbali angani huingia kwenye angahewa kwa kasi isiyopungua kilomita 11.2 kwa sekunde, maana mvuto wa Dunia wenyewe unatosha kukifikisha hapo. Vimondo vingi huja kwa kilomita 15 hadi 20 kwa sekunde. Kwa kilomita 15, kilo moja ya kitu chochote, hata ingekuwa kilo ya unga, hubeba nishati ya zaidi ya kilo 25 za baruti ya TNT. Tani 16 zingebeba nishati ya tani zaidi ya 400 za baruti hiyo.

Chuma kilichogonga ardhi namna hiyo hakibaki kipande kimoja. Sehemu yake huyeyuka, sehemu hugeuka mvuke, iliyobaki husambaa vipande vipande kilomita kadhaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Arizona, Marekani, kama miaka 50,000 iliyopita: shimo lina upana wa kilomita 1.2 na kina cha mita 170 hivi, na watu waliotumia miaka mingi kutoboa chini yake wakitafuta donge kubwa la chuma hawakulipata. Kwa hiyo kule kuwa kizima kwa kimondo cha Mbozi ni ushahidi tosha. Kasoko kubwa, yaani shimo la mgongano, na kimondo kizima havikai nyumba moja. Ukikikuta kizima, ujue kilifika kikiwa kimepoteza karibu mwendo wote kilioanza nao.

Kimeupotezea wapi? Kwenye hewa. Na hapa hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Hewa iliyo juu ya kila mita mraba moja ya ardhi, kuanzia usawa wa bahari hadi mwisho wa angahewa, ina uzito wa tani 10 hivi. Tumeizoea, hatuioni, lakini kimondo hakina budi kuisukuma yote iliyo mbele yake. Sasa chukua kimondo chetu: tani 16, upande unaokabili hewa wa kama mita za mraba 3. Kila mita mraba ya uso wake ina tani 5 na kitu za chuma nyuma yake. Kanuni ya makadirio ni kwamba kimondo kikishasukuma hewa yenye uzito sawa na wake, hubakiwa na asilimia 60 hivi ya mwendo. Kikisukuma hewa mara mbili ya uzito wake, hubakiwa na asilimia 37. Mara nne, asilimia 13 au 14. Mara kumi, chini ya asilimia 1.

Kikishuka wima, kinakutana na tani 10 za hewa kwa kila mita mraba, yaani karibu mara mbili ya uzito wake. Kati ya kilomita 15 kwa sekunde, kingefika chini na kama kilomita 6. Huo ni mlipuko. Kikija kwa mshazari wa nyuzi 30 kutoka upeo wa macho, njia yake ndani ya hewa inakuwa ndefu maradufu, tani 20, na kinafika na kilomita 2 kwa sekunde, bado kasi zaidi ya risasi ya bunduki. Lakini kikija kwa kuparaza, tuseme nyuzi 10 tu, hewa mbele ya kila mita mraba inafika tani 57. Hapo kimondo kimekutana na hewa mara kumi na zaidi ya uzito wake, na kile kimwendo cha angani kimekwisha. Kinachobaki ni kuanguka tu, kama jiwe lililodondoshwa kutoka kwenye ndege.

Hesabu hii ina kasoro moja ya kukiri. Kimondo kilipoingia angani kilikuwa kikubwa kuliko tunavyokiona, kwa sababu sehemu ya chuma iliyeyuka na kupeperuka njiani, na huenda kilimeguka kutoka kwenye pande kubwa zaidi. Kwa hiyo nyuzi 10 si kipimo cha kuapia. Ila mwelekeo wa jambo ni huo: umbo, uzito na pembe ya kuingia ndivyo vinavyoamua, na kwa kitu cha ukubwa huu pembe ndiyo yenye neno la mwisho.

Linganisha na lile pande la Arizona, linalokadiriwa kuwa na kipenyo cha mita 50 hivi. Chuma cha ukubwa huo kina tani nusu milioni, na nyuma ya kila mita mraba ya uso wake kuna tani zipatazo 260. Tani 10 au 20 za hewa kwake ni kama utando wa buibui mbele ya lori. Kitu kikiwa kikubwa, uzito huongezeka upesi kuliko uso unaokabili hewa. Ndiyo maana vikubwa hupenya na vidogo hukamatwa.

Mbozi haiko peke yake katika hili. Kimondo cha Hoba, karibu na Grootfontein nchini Namibia, kina tani 60 hivi na ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Mkulima alikigundua mwaka 1920 hivi shambani kwake, na pale hakuna kasoko pia. Siri yake inaonekana kwa macho: ni bapa, mita 2.7 kwa 2.7, unene chini ya mita 1. Kikiwa kimelala bapa dhidi ya hewa, kila mita mraba ina tani 8 tu nyuma yake. Ni kama sinia lililotupwa majini kwa upande wake mpana.

Wengi huamini kimondo hutua kikiwa chekundu kwa moto na kuunguza nyasi. Safari ndani ya hewa huchukua sekunde chache, na tabaka la nje linaloyeyuka hufagiliwa na upepo kabla joto halijapata muda wa kuingia ndani. Kitovu chake kimekaa kwenye baridi ya anga za mbali kwa mamilioni ya miaka na hufika bado baridi. Alama za kuyeyuka huko utaziona mwenyewe ukienda Ndolezi: uso wote una vishimo vya kubonyea, kama donge la unga wa chapati lililobonyezwa kwa kidole gumba. Hizo zilichongwa na hewa moto, ingawa kutu ya miaka mingi nayo imeongeza ya kwake.

Sasa, hata kilichokwisha mwendo wa angani hakitui kama unyoya. Hewa ikikizuia kadiri inavyoweza, donge la tani 16 bado lingeanguka kwa karibu mita 300 kwa sekunde, kilomita zaidi ya 1,000 kwa saa. Nishati yake ni kama kilo 170 za TNT. Hilo halichimbi kasoko ya kilomita, lakini linachimba shimo la mita kadhaa, na linajizika. Mfano upo: tarehe 12 Februari 1947 kimondo cha chuma kilipasukia juu ya milima ya Sikhote-Alin, mashariki ya mbali ya Urusi, na vipande vyake vikaacha mashimo zaidi ya mia moja. Kubwa kuliko yote lilikuwa na upana wa mita 26 hivi. Kipande kikubwa kilichookotwa kilikuwa na kilo 1,745, ndogo mara tisa kuliko cha Mbozi.

Basi shimo la Mbozi lilikuwepo. Limekwenda wapi?

Jibu lilikuwa limekifunika kimondo chenyewe. Mwaka 1930, mpimaji ardhi W. H. Nott alipokiandikia habari zake, mambo ambayo wenyeji walikuwa wakiyajua siku zote, sehemu kubwa ilikuwa imezama udongoni na kilichoonekana ni mgongo tu. Baadaye udongo wa kuzunguka ulichimbwa, ukaachwa mguu wa udongo chini yake, nao ukaimarishwa uwe kiti cha kukibeba. Anayekitazama leo kikiwa kimeinuliwa vile anadhani kilitua juu ya ardhi kama meza. Hakikutua hivyo.

Udongo wa mteremko hautulii. Mvua za kila masika huuteremsha kidogo kidogo, mizizi huupindua, mchwa huupandisha kutoka chini na kuujenga vichuguu ambavyo navyo hubomoka. Shimo la mita chache kwenye mteremko wa namna hiyo halihitaji miaka mingi kujaa na kusawazika, na linapokwisha jaa huota nyasi kama penginepo. La Arizona limedumu kwa sababu ni kubwa na liko jangwani. Yale ya Urusi hayajafikisha hata karne. Cha Mbozi kimekaa muda gani, kinachoweza kusemwa ni kwamba wenyeji hawana simulizi ya siku kilipoanguka. Tukio kama lile, moto angani na mngurumo wa kutikisa milima, haliachi kusimuliwa vizazi vingi kama kungekuwa na wa kulishuhudia na kulirithisha. Makadirio ni maelfu mengi ya miaka.

Chuma chenyewe kilitoka mbali zaidi ya hapo. Vimondo vya namna hii ni vipande vya viini vya asteroidi, zile sayari ndogo ambazo nyingi huzunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Baadhi yao ziliyeyuka zilipokuwa changa, chuma kikazama katikati, kikapoa polepole mno, kisha migongano ikazivunja. Cha Mbozi kina chuma asilimia 90 hivi, nikeli asilimia 8.7, na chembe za shaba, salfa na fosforasi. Desemba 1930, D. R. Grantham wa idara ya jiolojia alikata kipande cha kama sentimita 10 kwenye ncha yake kwa msumeno wa mkono wa kukatia chuma. Kazi ilimchukua saa kumi. Chuma hicho kikikatwa, kikapigwa msasa na kupakwa asidi, hutokea mistari inayokatana kama mkeka uliosukwa. Fundi hawezi kuighushi, kwa sababu mistari hiyo ni fuwele, nazo hukua tu chuma kinapopoa kwa mamilioni ya miaka.

Wanaouliza habari za shimo huwa pia na jiwe nyumbani, zito na jeusi, waliloliokota shambani. Mara nyingi ni mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki tanuruni chuma kikiyeyushwa. Nyanda hizi na za jirani Ufipa zilikuwa na wafua chuma hodari, na masalia ya tanuru zao yapo hadi leo. Angalia matundu: mavi ya chuma yana viputo kama mkate, kimondo karibu hakina kabisa. Kisha likwaruze nyuma ya kigae cha sakafu, upande usio na mng'ao. Likiacha mstari mwekundu wa kahawia ni hematiti, jiwe la kawaida lenye chuma. Mweusi au wa kijivu iliyokolea, huenda ni magnetiti, jiwe jingine la namna hiyo. Kimondo kwa kawaida hakiachi mstari. Sumaku kunasa hakuthibitishi chochote, maana mavi ya chuma na magnetiti navyo hunaswa. Kinachothibitisha ni nikeli, na hiyo hupimwa maabara, kama ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma. Kama unakata kipande cha kupeleka, usitumie grainda kavu. Joto lake huharibu ile mistari karibu na pale unapokata. Tumia msumeno wa mkono, mwagia maji, na ujipe muda.