Ukikwama usiku, unampigia nani?

Mgonjwa mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, akifika kliniki, wataalamu humuuliza habari za usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kujiua. Swali la watu alionao mara nyingi husahaulika, ingawa jibu lake lina uzito. Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 9 watu wazima karibu 7,000 wa kaunti ya Alameda, California. Waliokuwa wapweke, wasio na mwenza, marafiki, kikundi wala jumuiya ya ibada, walikufa kwa wingi kuliko wenzao.

Zimbabwe imeligeuza jambo hili kuwa huduma. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, alianza na bibi 14 huko Mbare, Harare, kwa kuwa mabingwa kama yeye walikuwa wa kuhesabika nchi nzima. Bibi hao, wahudumu wa afya wa mtaani, hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kuamua hatua ya kuanzia. Utafiti wa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu 14 kwa kila 100. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50.

Mimi hunivutia zaidi kinachofuata baada ya benchi: vikundi vya wagonjwa waliopitia hapo, ambapo hufuma mikoba ya kuuza huku wakizungumza. VIKOBA vyetu, vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, vingeweza kufanya hivyo, kwa tahadhari. Kikundi kinachomwaibisha mdaiwa mbele ya watu humwongezea maradhi, sawa na ukoo unaoshikilia kwamba karogwa, au kundi la WhatsApp linalosambaza siri zake. Na yupo mama anayekimbiliwa na ukoo mzima, simu haipumui, lakini hana hata mmoja wa kumwambia yake.

Huzuni ikizidi wiki mbili na kazi zikamshinda mtu, msindikize zahanati. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake. Weka mbali dawa na sumu za shambani, mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata bibi wa Harare, hapo humpa rufaa.