Diploma ya haki ya jinai: yanayosemwa Malindi na ukweli wake

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, kriminolojia (elimu ya uhalifu) na haki ya jinai ni kozi isiyokosa kutajwa barazani. Mzazi anaambiwa alipe karo, kijana akimaliza "ashaingia polisi". Maneno hayo yamegharimu familia nyingi pesa na, kibaya zaidi, umri wa kijana.

"Ukiwa na diploma, kazi ya polisi ni yako."
Makurutu husajiliwa uwanjani. Hutazamwa uraia, umri, alama ya KCSE, afya na rekodi ya uhalifu, kisha mtu anakimbia na kupimwa urefu. Kwa kawaida umri ni miaka 18 hadi 28 na alama ya chini D+, lakini soma tangazo la mwaka husika. Mwenye diploma anapanga foleni moja na aliyemaliza kidato cha nne juzi. Basi kijana anayetaka polisi tu asingoje kuhitimu. Usajili ukitangazwa, aende. Haulipiwi, na anayeomba "chai" ili akupitishe anakuibia.

"Atakuwa wakili."
Hawi. Njia ya uwakili ni shahada ya sheria, masomo ya Kenya School of Law, uanagenzi wa miezi sita na mitihani, ndipo aapishwe.

"Kesi ya Waislamu watupu inaweza kumalizwa na Kadhi."
Hili ni la kwetu pwani hasa. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Wizi unakwenda kwa hakimu, hata mwizi na aliyeibiwa wakiwa wanaswali msikiti mmoja.

"Upelelezi ni maabara, na maabara hujibu siku hiyohiyo."
Sinema ndizo zilizoleta hili. Miili ya waumini wa dhehebu la kufunga hadi kufa ilianza kufukuliwa msitu wa Shakahola Aprili 2023, ikahifadhiwa mochari ya hospitali ya Malindi. Familia za kwanza zilikabidhiwa jamaa zao Machi 2024, baada ya vipimo vya DNA kulinganishwa. Takriban mwaka mzima.

Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni karatasi. Chukua misokoto ya bangi iliyokamatwa stendi. Afisa anahesabu mbele ya mshukiwa, anaandika mahali, saa na waliokuwepo, kisha orodha inatiwa sahihi. Kifurushi kinafungwa na kuwekwa alama. Kituoni kinaingizwa kwenye OB (daftari la matukio) na kwenye daftari la vielelezo. Kikienda kwa Mkemia wa Serikali, kinaandamana na fomu inayosema ni nini, kiasi gani, nani anakipeleka na nani anakipokea. Kila mkono unaokishika uache sahihi na tarehe. Sasa tuseme fomu inasema misokoto 20 na ripoti ya maabara inasema 18. Wakili wa utetezi hahitaji hotuba ndefu. Atauliza tu miwili imekwenda wapi. Mwanafunzi asiyependa kuandika kwa makini namna hii atafute kozi nyingine, tena mapema.

"Akitoka kwa dhamana, polisi wamekula."
Wakati mwingine huenda, lakini dhamana yenyewe ni haki ya Kifungu cha 49 cha Katiba, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kuizuia, na kesi inaendelea. Kifungu hichohicho kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kupelekwa Jumatatu bila sheria kuvunjwa, kwa kuwa muda ukiisha nje ya saa za mahakama husubiriwa siku ya kazi inayofuata.

"Kama si polisi, kozi haina kazi."
Ipo, ila haina sare ya kujivunia mtaani. Idara ya probesheni, inayosimamia wakosaji walio nje ya jela, humwandikia hakimu ripoti kabla ya hukumu: maafisa wanafika nyumbani, wanazungumza na familia, chifu na aliyekosewa. Chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, kosa ambalo hakimu anaona linastahili kifungo kisichozidi miaka mitatu linaweza kulipwa kwa kazi ya umma bila kwenda jela, na hakimu huitegemea ripoti hiyo. Kuna pia magereza, mashirika ya msaada wa kisheria na idara za usalama za mahoteli ya Watamu na Malindi. Nafasi si nyingi, na ushindani ni mkali.

"Chuo kina bango, basi kina kibali."
Hakikisha TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, imekisajili chuo na kukiidhinishia kozi hiyo yenyewe, na uulize ni nani anayetahini na kutoa cheti. Diploma kwa kawaida inahitaji C-. Chuo kinachokupokea na D bila swali kina tatizo. Halafu omba kuona notisi zao za masomo. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Zikisema bado ni 8, usilipe hata karo ya muhula mmoja.