Flashi ya steshenari, kraki ya bure: dhana potofu kuhusu virusi vya kompyuta nyumbani

"Kompyuta yangu haina intaneti, kirusi kitaingilia wapi?"

Kitaingilia kwenye flashi. Mtu anaandika barua ya maombi ya kazi nyumbani, anaiweka kwenye flashi, anaenda steshenari kuichapisha. Kompyuta ya pale imechomekwa flashi za wateja wengine tangu asubuhi. Jioni flashi inarudi nyumbani, na kila folda imegeuka shotikati yenye mshale mdogo pembeni.

Mafaili hayajafutwa. Kirusi kimeyapa sifa mbili, ya kufichwa na ya mfumo, kisha kikaweka shotikati yenye jina lilelile la folda. Ukiibofya, inafanya kazi mbili kwa mpigo: inakufungulia folda yako ili usishtuke, na inaendesha skripti iliyofichwa kwenye flashi hiyohiyo, aghalabu faili la .vbs au .js. Skripti hiyo inajinakili ndani ya kompyuta na kujiandikisha miongoni mwa programu zinazowaka pamoja na Windows. Kuanzia hapo, kila flashi utakayochomeka inaambukizwa.

Wengi wanaamini kwamba flashi ikichomekwa tu, kirusi kinajiendesha chenyewe. Enzi za Windows XP ilikuwa hivyo, na Conficker, iliyoibuka Novemba 2008, ilisambaa kwa njia hiyo pamoja na nyingine. Windows 7 ilipotoka, Microsoft iliifunga AutoRun (kipengele kinachoendesha programu chenyewe kifaa kinapochomekwa) kwa upande wa flashi, na Februari 2011 ikatoa sasisho la kuifunga kwenye XP na Vista pia. Leo kirusi cha flashi kwa kawaida hungoja ubofye.

Kusafisha kuna mpangilio wake, na wengi hukosea hapa. Anza na kompyuta, uipige skani kamili. Ukianza na flashi, shotikati zitarudi baada ya sekunde chache, kwa sababu kinachoziumba bado kiko hai ndani ya mashine. Kompyuta ikishakuwa safi, chomeka flashi, angalia herufi yake (tuseme ni E:), fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri mpaka mstari mpya utokee. Folda za kweli zitajitokeza. Futa shotikati zote na kila faili la .vbs, .js au .exe ambalo hulijui. Folda ya System Volume Information ni ya Windows yenyewe, iache. Safari nyingine ya steshenari, jitumie waraka kwa barua pepe, au beba flashi ambayo haina kitu kingine. Ikirudi, bofya kulia juu ya E: na uchague "Scan with Microsoft Defender" (antivairasi iliyomo ndani ya Windows) kabla ya kufungua chochote.

"Zima antivairasi kwanza, hiyo ni kengele ya uongo"

Hapa ndipo tunapoomba usome polepole, maana ndipo hasara kubwa zinapotokea.

Maelekezo hayo huja pamoja na kraki (programu inayovunja kinga ya leseni ili utumie bila kulipa) ya Office, Photoshop au Windows, ikiwa ndani ya faili la zip lenye nywila nyepesi kama 1234. Nywila hiyo imewekwa ili antivairasi ishindwe kusoma kilichomo wakati unapakua. Ni kweli kwamba antivairasi huzitilia shaka hata kraki zisizobeba kirusi, kwa kuwa kazi yake ni kuchezea programu nyingine. Ukweli huo mdogo ndio unaompa mwizi pa kujifichia: ukishazoea kupuuza onyo, hutaweza tena kutofautisha onyo la kweli na la bure.

Kinachokuja ndani mara nyingi ni programu ya kijasusi ya aina inayoiba na kuondoka. Kwa muda mfupi sana hukusanya nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, vidakuzi, picha ya skrini na pochi za sarafu za kidijitali, huzituma kwa mwizi aliyeitengeneza, na nyingine hujifuta. Kompyuta haiwi nzito wala hakuna dirisha linaloruka. Kinachouma zaidi ni vidakuzi, kwa sababu ndivyo vinavyoiambia Gmail au Facebook kwamba umeshaingia. Aliyeviiba huingia kama wewe, haombwi nywila wala msimbo wa SMS. Uthibitisho wa hatua mbili bado ni muhimu, unamzuia mwenye nywila peke yake. Ila kwa vidakuzi vilivyoibwa, dawa ni kuondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha kubadili nywila. Kubadili nywila peke yake kunaweza kumwacha mwizi akiwa ndani.

Wengine huambukizwa STOP, inayojulikana pia kama Djvu, inayofunga picha na nyaraka kwa usimbaji na kudai fidia. Iliwalenga hasa watumiaji wa nyumbani, na njia yake kuu ilikuwa kraki.

Kama fundi aliwahi kukuwekea Windows yenye kraki, kuna mahali pa kukagua leo. Fungua Windows Security, nenda "Virus & threat protection", bofya "Manage settings", shuka hadi "Exclusions". Hiyo ni orodha ya sehemu ambazo Defender imeamriwa isizikague. Kwa kompyuta ya nyumbani orodha inapaswa kuwa tupu. Ukikuta C:\ nzima imeandikwa humo, ulinzi wako umekuwa pambo tu: alama ya kijani inawaka na hakuna kinachokaguliwa. Futa maingizo hayo, hakikisha "Tamper Protection" (kinga inayozuia programu nyingine kuizima Defender) imewashwa, kisha piga skani.

Kuhusu Windows yenyewe, isiyoamilishwa huendelea kufanya kazi na kupokea masasisho ya usalama. Utavumilia maandishi kwenye kona ya skrini na kunyimwa baadhi ya mipangilio ya mwonekano. Masharti ya leseni bado yanadai uinunue, lakini kiusalama ni afadhali mara mia kuliko kraki. Kwa barua na majedwali kuna LibreOffice, bure na halali, na Word ya kwenye kivinjari haidai malipo pia.

"Lazima ununue antivairasi, na mbili ni bora kuliko moja"

Tangu Windows 8, antivairasi ya Microsoft imo ndani ya mfumo, na kwa nyumba nyingi inatosha. Tatizo huanza kompyuta mpya inapokuja na antivairasi ya majaribio. Ikiwapo hiyo, Defender hujiweka kando. Majaribio yakiisha, mtu haongezi malipo wala haiondoi, anaweza kubaki na mlinzi asiyepokea taarifa mpya. Iondoe kupitia Settings, Apps, zima na kuwasha kompyuta, kisha hakikisha Defender imerudi kazini na tarehe iliyo chini ya "Protection updates" ni ya leo au jana.

Mbili kwa pamoja hukwamishana, kwa kuwa kila moja inataka kuwa ya kwanza kusoma faili linapofunguliwa. Programu ya ziada inayopiga skani pale tu unapoiagiza haina ubaya.

"Masasisho yanakula bando bure"

Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuziba tundu la usalama) cha SMB, njia ya Windows ya kushirikishana mafaili mtandaoni, tarehe 14 Machi 2017. WannaCry, kirusi cha fidia, ililitumia tundu hilohilo tarehe 12 Mei 2017, karibu miezi miwili baadaye, ikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Haikuhitaji mtu abofye kitu. Ilihitaji kompyuta ambayo haijawekewa kiraka.

Bando ni hoja ya kweli, hatuibezi. Wengi huweka mtandao wa simu kuwa "Metered connection" ili kuokoa data, halafu wanasahau, na Windows inaahirisha sehemu kubwa ya masasisho kwa miezi. Weka siku moja kwa mwezi, baada ya Jumanne ya pili ambayo Microsoft hutoa viraka vyake: zima mpangilio huo, nenda Windows Update, bofya "Check for updates", acha imalize na kuwaka upya. Nyumba yenye kompyuta mbili au zaidi iwashe "Delivery Optimization" kwa vifaa vya mtandao wa ndani tu. Kompyuta moja ikishapakua, nyingine zinaweza kuchukua kwake badala ya kuvuta tena data.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiunga na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama walitangaziwa hadi 13 Oktoba 2026. Mashine isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza kuwekewa Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na ikatumika miaka mingine mingi kwa kuandika, kuperuzi na kusoma.

"Sijapakua kitu, kwa hiyo sina hatari"

Kuna mtego ulioshamiri tangu 2024. Ukurasa unakuambia uthibitishe kuwa wewe si roboti: bonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Wakati unasoma, ukurasa umeshanakili amri kwenye ubao wa kunakili. Hatua hizo tatu zinafungua dirisha la Run, zinaibandika amri hiyo na kuiendesha, nayo inaleta programu ya kijasusi moja kwa moja. Onyo la kivinjari halitokei, kwa sababu aliyeendesha amri ni wewe. Hakuna uthibitisho wa kweli unaokutaka ufungue dirisha la Run.

Mtego huo umewafikia watumiaji wa Mac vilevile; wao huambiwa wafungue Terminal. Imani kwamba Mac haipati virusi ilipaswa kuisha mwaka 2012, Flashback ilipoingia kwenye Mac zipatazo 600,000 kupitia udhaifu wa Java.

"Tovuti ina kufuli, ni salama"

Kufuli linasema kwamba hakuna anayesoma data njiani. Halisemi nani yuko mwisho wa njia. Tovuti ya kitapeli hupata cheti kinacholeta kufuli hilo bure kwa dakika chache. Chrome iliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu waliielewa vibaya. Soma jina la tovuti lenyewe, herufi kwa herufi.

"Ningekuwa na kirusi ningejua, kompyuta ingekuwa nzito"

Uzito hutokana zaidi na RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka, au feni iliyojaa vumbi. Na yale matangazo ya "Kompyuta yako ina virusi 5" yanayochomoza kwenye kona, chanzo chake kwa kawaida ni tovuti uliyoibofyea "Allow" siku moja. Kwenye Chrome nenda Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, uondoe kila usichokitambua. Usipige namba ya simu yoyote iliyomo kwenye onyo. Microsoft haiweki namba za simu kwenye maonyo yake.

"Nikifomati, mambo yamekwisha"

Kilichoibwa hakirudi kwa kufomati. Tenganisha kompyuta na mtandao kwanza. Chukua kifaa kingine kilicho safi, anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote: ondoa vifaa vyote vilivyoingia, badili nywila, kagua kama kuna namba au barua pepe ya urejeshi iliyoongezwa. Fuata benki, kisha mitandao ya kijamii.

Ndipo urudi kwenye kompyuta. Kwenye "Scan options" ya Windows Security chagua skani ya Defender ya nje ya mtandao. Kompyuta itajizima na kuwaka, na kazi huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba inakagua kabla Windows haijaamka, kirusi hakijapata nafasi ya kujificha. Ukiamua kuanza upya, "Reset this PC" kwa "Cloud download" hula zaidi ya GB 4 za data. Mwenye bando dogo atengeneze flashi ya kusakinishia Windows, ya GB 8, kwa Media Creation Tool ya Microsoft, kwenye kompyuta isiyoambukizwa.

Kutoka kwenye nakala ya akiba rudisha nyaraka, picha na video tu. Kama mafaili ya .exe yamo, yaache hukohuko. Na diski ya akiba ikae imechomolewa siku zote ambazo hunakili, kwa kuwa kirusi cha fidia hufunga kila diski kinachoikuta imechomekwa.