Kubuni saketi bado ni kazi yenye soko
Kila msimu wa kuchagua kozi, ujumbe huu hurudi kwenye magrupu: "Usisomee kubuni saketi za elektroniki, siku hizi kila kitu kimo ndani ya chipu na kompyuta inachora yenyewe." Si kweli.

Chipu peke yake haifanyi kazi. Inahitaji umeme uliotulia, mara nyingi volti 3.3 au chini ya hapo, na kapasita ndogo (vipande vinavyohifadhi chaji kidogo na kutuliza umeme) karibu kabisa na miguu yake. Ukizisogeza mbali, kifaa kinaweza kuanza kujizima ovyo. Programu za kuchora njia za umeme kwenye bodi zipo kwa miongo kadhaa, na bado mhandisi ndiye anayeamua na kupima.

Mkanganyiko unaeleweka. Kukarabati redio mbovu kumepungua kweli, maana vipande vimekuwa vidogo mno. Lakini kukarabati si kubuni.

Ukitaka uhakika, soma matangazo ya kazi ya watengenezaji wa magari ya umeme, vifaa vya hospitali au inveta za sola, uone sifa wanazotaka. Ushindani upo, sikatai. Ujumbe huo ukikufikia tena, usiusambaze. Mwulize aliyeutuma ameutoa wapi.