Kisukari kimegundulika leo: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Mtu akiambiwa ana kisukari, ushauri wa majirani humfikia kabla ya ule wa kliniki. Kwa hiyo anayemfundisha asianze na orodha ya vyakula vya marufuku. Amuulize kwanza ameambiwa nini, na anaogopa nini.

“Nimejiletea mwenyewe kwa kupenda sukari.” Hili litangulie, kwani mtu anayejilaumu hasikii lingine. Kisukari cha aina ya kwanza, kinachoanza zaidi utotoni na ujanani, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli za mwili. Hakikuletwa na pipi, na mama wa mtoto asibebeshwe lawama. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi, huchangiwa na mambo kadhaa kwa pamoja: ukoo, umri, kitambi, mwili kukosa mazoezi. Soda za kila siku zinachangia, lakini si peke yake.

“Dona haina shida, kula ushibe.” Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ila bado ni wanga, na wanga wote huishia kuwa sukari kwenye damu. Nusu ya sahani iwe mboga, mchicha au matembele, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Familia nzima ile hivyo, mgonjwa asipikiwe chungu chake. Na asali ni sukari.

“Ukianzishiwa sindano, umekwisha.” Hapa ndipo watu wanapotupotea. Kabla ya insulini, mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa akidhoofika hadi kufa. Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Mwenye aina ya kwanza anaihitaji tangu siku anapogundulika, na akiiacha anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache. Kwa aina ya pili, kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda, vidonge vikafika mahali havitoshi. Sindano wakati huo si adhabu. Wengi wamemwona ndugu aliyechomwa insulini kisha akakatwa mguu, wakaunganisha mambo hayo mawili. Kilichouharibu mguu ni sukari iliyokaa juu miaka mingi, na mara nyingi insulini ilikuja kwa kuchelewa.

Asiye na friji naye asikate tamaa. Chupa iliyofunguliwa, kwa aina nyingi za insulini, hudumu takriban wiki 4 mahali pa baridi pasipofika jua, na mtungi wenye maji husaidia sana. Zile za akiba zinahitaji nyuzi 2 hadi 8, na iliyoganda itupwe.

“Najisikia vizuri, basi nimepona.” Sukari inaweza kupanda bila dalili yoyote huku ikiumiza macho, figo na mishipa ya fahamu. Ganzi ikiingia, mtu hukanyaga msumari asijue, kwa hiyo nyayo zikaguliwe kila jioni. Kipimo cha damu ndicho kinachosema, na dawa haziachwi bila daktari.

“Sukari kwako ni sumu, usiiguse kamwe.” Kauli hii inaweza kuua. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akichelewa kula au akifanya kazi nzito, sukari yake ya damu inaweza kushuka chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L). Atatoka jasho, atatetemeka, moyo utamwenda mbio, kisha atachanganyikiwa. Hapo apewe sukari mara moja: vijiko vidogo 3 au 4 kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini arudiwe. Ikishapanda, ale chakula. Akiwa amezimia, asitiliwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na awahishwe hospitali.

Somo hili asifundishwe mgonjwa peke yake. Kabla hawajaondoka kliniki, anayeishi naye aeleze kwa maneno yake atafanya nini saa nane za usiku mwenzake akiloa jasho na kuanza kuweweseka. Akikwama, rudieni.