Chupa haikuotesha kitu, lakini vali inaharibika

Damu ya mgonjwa huwekwa kwenye chupa maabara ili bakteria waliomo waote waonekane. Majibu yakisema hakuna kilichoota, ndugu wa mgonjwa hushusha pumzi. Mimi ndipo wasiwasi unaponianza. Homa haijakoma, mwili unakonda, na ultrasaundi inaonyesha vali ya moyo, yaani mlango unaozuia damu kurudi nyuma, inavuja kuliko ilivyokuwa miezi michache nyuma. Bakteria ameishambulia vali, ila hatujamwona.

Mara nyingi sababu ni kwamba mgonjwa alishameza antibiotiki kabla ya kutolewa damu. Ndiyo maana nawasihi wenzangu: kama hali yake inaruhusu, toeni damu kwanza, angalau mara tatu, dawa ifuate. Lakini wapo bakteria ambao ni nadra sana kuota kwenye chupa zile, au hawaoti kabisa. Bartonella ni mmoja wao. Aina moja huletwa na chawa wa mwilini, nyingine na paka. Anayenishughulisha zaidi ni Coxiella burnetii, chanzo cha homa ya Q.

Edward Derrick aliieleza homa hiyo mwaka 1937, baada ya kuwachunguza wafanyakazi wa machinjio huko Brisbane, Australia. Bakteria huyu hukaa ndani ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na hujazana kwenye kondo la nyuma mnyama anapozaa. Uchafu ule ukikauka huwa vumbi, na mtu akilivuta huambukizwa. Kwa hiyo namuuliza kila mgonjwa wa namna hii kama amewahi kukaa karibu na mnyama anayezaa, hata kama ni zamani. Wengi walioambukizwa hupona. Mwenye vali mbovu au vali bandia ndiye aliye hatarini, maana bakteria huweza kujificha na kuishambulia vali miezi au miaka baadaye. Kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, ndicho humfichua: aina iitwayo IgG ya awamu ya kwanza ikifika 1:800 au zaidi, yaani ikionekana hata damu ikizimuliwa mara 800, hicho ni kigezo kikubwa cha maambukizi ya vali.

Matibabu yake yananivutia kuliko yote. Coxiella huishi ndani ya seli nyeupe ya damu, katika kifuko chenye asidi ambamo bakteria wengine hufa. Antibiotiki iitwayo doksisaiklini humfikia humo, lakini kwenye asidi ile humzuia tu kuzaliana, haimuui. Tunaongeza haidroksiklorokwini, dawa ya jamii ya klorokwini, inayopunguza asidi ya kifuko. Hapo doksisaiklini hupata makali ya kuua. Ya kwanza miligramu 100 mara mbili kwa siku, ya pili miligramu 200 mara tatu, kwa miezi isiyopungua 18, au 24 kwa vali bandia. Macho hupimwa mara kwa mara kwa sababu ya haidroksiklorokwini, na jua kali huepukwa kwa sababu ya doksisaiklini. Vali ikiharibika hadi moyo kushindwa kazi, daktari wa upasuaji huitwa bila kuchelewa.

Mwezi wa nne ndio mgumu. Homa imeisha, hamu ya kula imerudi, na mgonjwa ananiuliza, "Daktari, si nimeshapona?" Namwonyesha vipimo vyake vya kingamwili, cha kwanza na cha leo. Tunavisoma pamoja, kisha namwandikia dawa za miezi mingine.