Wingu jeupe juu ya kinu cha nyuklia si mionzi

Wengi huamini wingu jeupe juu ya minara mipana ya mtambo wa nyuklia ni mionzi. Hapana, ni mvuke wa maji ya kupoozea, yasiyopita ndani ya kinu. Gesi zenye mionzi, kama zenoni na kriptoni, hutoka kupitia bomba jingine lenye vifaa vya kuzipima.

Kiasi cha gesi hizo ni kidogo mno kupimika kwenye uzio wa mtambo, maana mionzi ya asili hupanda na kushuka zaidi ya hicho. Kwa hiyo dozi, yaani mionzi anayopokea mtu, hukokotolewa kwa kuangalia kilichotoka, upepo, umbali, chakula. Kwa mfano, iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi, hutua majanini, ng'ombe akala, mtoto akanywa maziwa. Huyo mtoto ndiye wa kuhesabiwa kwanza!

Marekani, lengo la usanifu kwa gesi ni milisiveti (kipimo cha dozi) 0.05 kwa mwaka, mwili mzima. Wastani wa mionzi ya asili duniani ni takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka.